Leo Mgeni Kabakisha?

Jumatatu, 9 Agosti 1971

Nimefika! Unguja! Miguu bado inayumba kama vile meli haijatia nanga. Bandarini wamenipekua mpaka soksi. Pasipoti wameitazama mbele, nyuma, juu, chini. Mkenya, umekuja kufanya nini? Kutembea. Kutembea tu? Kutembea tu, bwana. Afisa hakuamini, lakini muhuri akagonga.

Mzee Hashil alikuwa ananingoja nje, kanzu imepigwa pasi. Ni kaka yake Thuwaini, bosi wangu, mwenye duka la viatu ninakouza mimi Nairobi. Thuwaini alikimbia huku mwaka wa mapinduzi, hajarudi wala hathubutu. Ndiye aliyenishauri: Muhidini, likizo yako nenda ukapaone kwetu, ukae kwa kaka yangu, hutatoa hata senti ya chakula wala malazi. Hata senti! Nikakata tiketi wiki ileile. Thuwaini kampelekea kakake majani ya chai na kitambaa cha kanzu. Mimi mwenyewe sikuleta kitu. Bajeti.

Nyumba iko Mkunazini, ndani kabisa. Wamenipa chumba cha juu, kitanda cha nakshi, shuka inanukia udi. Jioni wali wa nazi na samaki wa kupaka! Nimekula ukumbini na Mzee, sinia moja. Mkewe Bi Tamima na mjukuu wao Ruqaya, katoto ka miaka sita hivi, wako uani nyuma ya pazia.

Jumanne, 10 Agosti

Nimepotea, nikaelekezwa, nikapotea tena. Vichochoro vya mji huu havina adabu – unaingia ukisikia bahari, unatokea ukutani kwa choo cha mtu. Nimeona Beit el Ajaib kwa nje (bure), Ngome Kongwe kwa nje (bure), soko la Darajani kwa ndani (bure, mradi usinunue). Asubuhi nimekuta foleni ya kina mama na vikapu, imezunguka jengo zima. Nikamwuliza mmoja, kuna sinema gani leo? Akanitazama tu, akageuza uso. Watu wa mjini hawana mzaha.

Mchana wali tena! Mzee analeta sinia mwenyewe, ananisogezea minofu upande wangu, yeye anatafuna tonge moja mpaka mimi nimalize. Nadhani meno yamemchoka. Nyanya yangu pale Majengo alinifunza hivi: kila mtu na sahani yake, na ukiirudisha na chakula umemtukana mpishi. Basi nimelifuta sinia mpaka likang'aa. Nyuma ya pazia Bi Tamima akauliza, kala? Mzee akajibu, kala, mashallah. Nikasikia sufuria inafunikwa. Nimefurahi, nimewapa heshima yao.

Alhamisi, 12 Agosti

Jana na leo nimezunguka mji mpaka soli zinalia. Jioni Forodhani. Bustani safi, upepo mzuri, mizinga ya kale imeelekezwa baharini. Nilitarajia mishikaki chungu nzima, kama anavyosimulia Thuwaini. Nimekuta kahawa, mihogo ya kuchoma na mchuuzi mmoja wa pweza. Nadhani Thuwaini anausimulia mji wa zamani.

Sikununua kitu. Ninunue kwa nini – nyumbani kuna wali! Pesa zangu zimelala usingizi wa pono na hakuna wa kuziamsha. Wazungu wanalipa hoteli, mimi nalishwa kama bwana harusi. Kwa kusafiri bila gharama, nani kama mimi? Nikirudi Majengo watanikoma kwa hadithi.

Leo pia nimelisafisha sinia. Mzee kaniuliza, nikuongeze? Nikasema ukipenda. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kibakuli.

Jumamosi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi. Niko peke yangu chumbani na uso unawaka.

Asubuhi nilitoka kwenda Chukwani kwa miguu, ili nisilipe nauli. Nikamwambia Mzee wasiniwekee chakula, narudi magharibi. Njiani kiatu – kiatu cha dukani kwetu! – kikanichubua kisigino, nikageuza kabla sijafika. Adhuhuri nikaingia nyumbani nachechemea. Hakuna aliyenisikia. Pazia la uani lilikuwa limefungwa pembeni.

Wamekaa mkekani wote, Mzee Hashil naye yumo. Katikati sufuria ya mihogo ya kuchemsha. Mihogo mitupu, na chumvi kwenye kisosi. Mzee anatafuna vizuri kabisa. Meno yake mazima!

Ruqaya kashika kipande chake, hali. Akauliza:

"Bibi, leo mgeni kabakisha?"

"Leo mgeni hayupo."

"Na jana hakubakisha. Na juzi. Kwani yeye hashibi?"

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni hasemwi."

Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole. Nje barazani alikuwepo Msabah, jirani, anashona kofia yake. Nikamwuliza kama vile nauliza tu: hivi sinia la wanaume likishaliwa, linakwenda wapi? Akacheka. Linarudi ndani, wapi tena? Wanaume wakishanawa, kina mama na watoto ndipo wanapokula. Mgeni akiwa muungwana hubakisha, na vile vinono hubakisha zaidi. Nikauliza, na mchele je, wanapata wapi? Akaacha kucheka. Mchele ni wa mgao, bwana, ile foleni ya asubuhi huioni? Kidogo kwa wiki, na wiki nyingine hakuna. Bi Tamima tangu ilipofika barua ya Thuwaini alikuwa anadunduliza, konzi kwa konzi, wao wanakula mihogo, ili mgeni akija ale wali.

Aibu! Nimekula chakula cha mtoto na kujisifu. Nimeomba niongezwe! Na yule mama wa foleni nilimwuliza kuna sinema gani. Natamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 15 Agosti

Leo nimebakisha zaidi ya nusu. Nikasema tumbo linanisokota. Nikadhani nimefanya la maana.

Bi Tamima akatoka ndani mwenyewe, kajitanda kanga, uso umejaa wasiwasi. Chumvi imezidi? Nazi imechacha? Niambie mwanangu, usinionee haya. Nikasema chakula kitamu, Bi Tamima, wallahi kitamu. Hakuamini. Jioni kaniletea dawa ya tumbo – uji wa mchele! Mchele tena, kwa ajili ya tumbo langu la uongo. Kasimama pale pale mpaka nimeumaliza.

Ningesema kweli? Nikisema nimewaona mkekani, nimewavua nguo.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimepata dawa! Msabah alidokeza kwamba Mkokotoni mchele hukosi, ukijua wa kumwuliza. Nikapanda gari la shamba alfajiri. Nauli nimetoa bila kunung'unika, mara ya kwanza tangu nifike. Sokoni kule nikaulizauliza mpaka nikapelekwa kwa mtu wa Tumbatu, anaitwa Machano. Akanitazama sana kabla ya kukubali. Akautia mchele kwenye kikapu, juu akapanga dagaa wakavu. Ukiulizwa sema dagaa, akaniambia. Nikacheka moyoni. Nani wa kuuliza? Kwetu mchele ni mchele tu, mtu anaubeba kichwani mchana kweupe.

Usiku huu naandika dirisha likiwa limefungwa.

Kuulizwa niliulizwa. Mlangoni kwetu, barazani, alikaa Makungu, bwana mmoja mpole anayemsalimia kila mtu wa mtaa. Haya Mkenya, umetuchukulia nini? Mdomo wangu! Nilikuwa nimejaa furaha. Nilitaka mtaa mzima ujue kwamba mimi si mlafi. Nikafunua dagaa nikasema kwa sauti: "Mchele, wa Bi Tamima!" Makungu akasema mashallah, akainuka, akajikung'uta kanzu, akaenda zake.

Bi Tamima alipoona kikapu hakushukuru. Alikaa chini sakafuni.

"Nani kakuona?"

Nikamtaja Makungu. Mzee Hashil akafunga dirisha. Ndipo nilipoelezwa, kwa sauti ya chini: mchele usiotoka kwenye mgao ni magendo, na magendo hapa watu wanafungwa. Makungu ni mtu wa tawi la chama, kila jirani anajua. Na Mzee mwenyewe anatazamwa, ndugu yake mkimbizi, ukoo wake ule uliokuwa na mashamba. Nikasema nitakwenda kuwaambia ni wangu. Mzee akasema kalale, mwanangu, kesho tutaona.

Jumanne, 17 Agosti

Watu wa tawi wamekuja baada ya chai. Mimi nilikuwa chumbani juu. Nikasikia kila neno.

Mchele huu wa nani?

Nilisimama. Wallahi nilisimama, nikaufikia mlango, nikashika komeo. Kabla sijalifungua nikamsikia Mzee Hashil:

"Wangu mimi. Huyu mgeni nimemtuma dagaa, kanichukulia kikapu tu. Hajui kitu."

Mkono ukabaki kwenye komeo. Nikawasikia wanabeba kikapu. Nikamsikia Mzee anatafuta viatu vyake, anamwambia Bi Tamima asisahau kumpa mgeni chai ya saa nne. Nyayo zao zilipotoweka kichochoroni, ndipo niliposhuka. Ndipo!

Bi Tamima hakunilaumu, hata kwa jicho. Angenitukana ningepumua. Kasema atarudi tu, hawamli mtu. Kesho meli yako, wewe nenda salama. Mchana akaniletea sinia, akaniwekea ukumbini peke yangu. Wali. Nikalirudisha kama lilivyokuja. Akalirudisha tena. Mwishowe nikamwita Ruqaya tule pamoja. Akaja, akakaa mbali, akangoja mimi nianze.

Mzee hajarudi mpaka magharibi hii.

Jumatano, 18 Agosti

Bandarini. Naandika nimekalia begi, kwenye foleni. Nami leo nimo kwenye foleni.

Mzee kalala tawini. Msabah alikwenda kuuliza asubuhi. Anasema Mzee anarudia yaleyale, mchele wangu mimi, na leo mchana watampeleka kwa wakubwa. Kisha Msabah akaniambia kwa upole, anashona, hanitazami: wewe, Muhidini, una pasipoti ya Kenya. Wewe watakufokea, pengine watakulaza siku mbili tatu, watakupakia melini. Yeye sijui. Nikakunja shati la mwisho. Nilikuwa nafunga begi.

Tawi liko karibu na Darajani. Njia naijua sasa, sipotei tena.

Bi Tamima kanisindikiza mpaka mlangoni. Nilianza kumwambia, Bi Tamima, mimi... Akanikata: msalimie Thuwaini, mwambie hatujambo sote. Halafu akanipa kifurushi. Cha njiani, safari ndefu, usikae na njaa. Nikakataa. Akakitia mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kama anampa mtoto. Ruqaya alikuwa kashika kanga yake, anakifuata kile kifurushi kwa macho mpaka nilipopinda kona.

Kiko mapajani. Bado moto. Nimefungua pembe moja ya kitambaa nikachungulia. Mkate wa kumimina. Mkate wa mchele! Waliosaga ni wao, na uliosagwa ni ule wao wa mgao, maana wangu umechukuliwa. Kaumimina alfajiri na mumewe hayupo nyumbani.

Nimwambie nini Thuwaini? Ataniuliza kwanza: kaka yangu hajambo? Kisha ataniuliza: walikulisha nini?

Nikienda huko tawini meli itaniacha. Nikienda huenda wasiniamini, huenda watufunge wote wawili. Nayaandika haya haraka haraka, na nayaona yalivyo. Ni komeo lilelile, mkono uleule.

Karani kaanza kuita majina. Mtu akiitwa anasema naam, anapita. Foleni inasogea, nami nasogeza begi kwa mguu.

Muhidini Marjani!

Mama aliye nyuma yangu ananigusa bega. Kaka, si wewe huyo?

Karani anaita tena, kwa sauti zaidi. Kifurushi bado kina moto. Sijaitika.