Gitaa la Baba Limepata Jina

Baba,

Magoti yanaendeleaje? Shusha pumzi sasa, gitaa lako limepona. Niko Roret, mvua ya alasiri inapiga mabati na nimeshiba maziwa ya mursik.

Yule fundi wa mjini hakuliua, alilikosea tu. Aliona nyuzi ziko juu, akadhani ni kasoro, akazishusha kama za gitaa la kawaida. Ndiyo maana kile chuma chako cha kutelezesha kilikuwa kinakwaruza mbao. Mzee Rotich wa hapa, anayeunda mwenyewe magitaa ya stima ya kulaza mapajani kama lako, alicheka mpaka akaketi. Akachonga kipande cha mfupa, akazipandisha nyuzi, akachomeka waya. Likalia, Baba, sauti ile ile ya zamani!

Halafu akauliza, "Na hii ni ya kampuni gani?" Nikamwambia ni la Amerika, lakini kibao cha jina kilianguka kitambo. Akatikisa kichwa. Magitaa yake yote ameyapa majina ya ng'ombe wake. Kubwa linaitwa Chelel, kama yule mweupe. "Sasa hii yako utaiita aje? Haiwezi kurudi nyumbani hivyo."

Nikamtajia jina la Mama. Amelichonga pale palipokuwa na kibao. Najua marehemu angetucheka, kuwekwa foleni moja na ng'ombe.

Nikimaliza kazi ya huku nakuja nalo. Jifunike vizuri, na usogeze kiti chako karibu na soketi. Njeri anarudi nyumbani.

Mwanao, Kamau