Nilisikia "Kavu", Nikaelewa Kavu

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi. Mume wangu ni mpiga mbizi, anakwangua uchafu chini ya meli, na mwaka huu alipata suti iliyokwisha kutumiwa na mwenzake aliyestaafu, ile ya mpira isiyopitisha maji, wenyewe wanaiita suti kavu, ina vali mbili, ya kifuani ya kuingiza hewa na ya mkononi ya kuitoa, na kazi ya kuitunza niliiomba mwenyewe kwa kubembeleza maana nilichoka kuwa mtu wa kufua soksi tu, sasa Shangazi usinicheke, mimi nilisikia kavu nikaelewa kavu, kila akirudi naifuta kwa kitambaa naitundika, tone la maji siigusishi, mpaka chumvi ikaganda ndani ya vali na kitufe cha ile ya kifuani kikawa kizito, nikakitia mafuta yangu ya kujipaka, kikalainika, nikajiona fundi. Wiki mbili zilizopita akiwa chini alikibonyeza kikakwama, hewa ikawa inaingia tu na ile vali ya mkononi haitoi, suti ikafura, akafyatuka hadi juu huku damu inamtoka puani, akadhani ni kamba iliyomvuta, na kwa kuwa mshika kamba wake, anayebaki juu, ni mdogo wake, yaani shemeji yangu, akamgeukia yeye, "Umenivuta kwa pupa, ulitaka kuniua?" Shemeji akaapa kwamba kamba hata hakuikaza, hakusikilizwa, sasa hawasalimiani na kwetu hakanyagi. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Vali ulizikagua, mama?" nikasema, "Ziko sawa," na tangu hapo nakibonyeza kitufe kile kila siku, leo kinarudi, kesho hakirudi, na Jumamosi anashuka tena, nikisema atajua nilimwacha nduguye abebe lawama yangu, nikinyamaza roho haitulii, nifanyeje?

Mke wa Mpiga Mbizi

Mke wa Mpiga Mbizi,

Pole sana. Pole umeshaipata, sasa nikugombeze. Unajua kitufe hakirudi, halafu unaniuliza ufanyeje? Kosa la neno nakusamehe, hata mimi ningedanganywa na jina hilo. Lakini "ziko sawa" ni uongo, na mumeo atauvaa Jumamosi ashuke nao chini ya maji.

Mimi ni mtu wa mambo ya ndoa, vali sizijui, kwa hiyo nilimpigia fundi wa suti hizo nikamsomea barua yako. Akauliza, "Huyo mume bado mzima?" Nikamwambia ni mzima. "Basi asishuke na suti hiyo."

Anasema kavu ni yule aliye ndani. Suti yenyewe huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila inapotoka baharini. Vali huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu, kitufe kikabonyezwa tena na tena bomba la hewa likiwa limeunganishwa ili maji yasiingie ndani, na ile ya mkononi huzungushwa huku na huku mpaka iwe nyepesi. Mafuta yako yabaki kwenye magoti yako, mama, maana mpira mdogo ulio ndani ya vali ukiyanywa huvimba na kukibana kitufe. Ila hizo zako zimeshapita hatua ya kuoshwa. Fundi azing'oe, aweke mpya, kisha aijaze suti hewa na kuipaka povu la sabuni aone inapovuja. Na kitufe kirudi chenyewe kila kinapobonyezwa. Cha leo ndiyo, kesho hapana, ni kibovu.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Ukimaliza tu kusoma, ifungie suti kabatini, ufunguo ukae nao. Mwite shemeji yako aje, na mbele yake umwambie mumeo, "Si yeye. Ni mimi." Usianze na nia yako njema wala usitangulize machozi; shemeji ndiye anayestahili kuombwa radhi, na aombwe kwanza. Kazi ya suti huenda ukanyang'anywa, na kwa sasa ni haki ya mumeo. Utaiomba upya ukishafundishwa na fundi.

Atafoka, mpaka majirani wasikie. Mwache afoke, wewe kaa kimya usikilize. Huyo ni mumeo, yuko sebuleni, na anapumua.