Sanduku Limetangulia, Mama Amebaki

Ghorofa ya 14, Jengo la Fuk Hoi,
Sham Shui Po,
Hong Kong.

19 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Chi-hang,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Pui-shan na binti yetu Hoi-ching. Kile kikohozi kimemwachia mtoto? Najua huko Manchester baridi imeshaanza kung'ata, mfunikeni kifua. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula, presha yake iko sawa, na leo kaniamsha alfajiri kwa redio yake. Kwa hiyo ukiona nimebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka, si ugonjwa. Ni hasira, na sehemu yake ni yako.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema, "Dada, kumpandisha bibi kizee mmoja kwenye treni nako kumekushinda?" halafu ukakata. Siku nne sasa neno hilo linanizunguka kichwani. Kaa chini usome ilivyokuwa.

Mpango ulikuwa wako, usijifanye umesahau. Ulinipigia mara tatu kunieleza kama vile mimi ndiye mgeni wa mji huu: siku ya Mama kuja kwenu tupeleke sanduku lake asubuhi stesheni ya Central, watu wa shirika la ndege walipokee pale pale, watupe na pasi ya kupandia ndege, tubaki mikono mitupu mpaka jioni, Mama asichoke. Sikatai, ni mpango mzuri. Hata wale wafanyakazi wa pale sina la kuwalaumu, walituvumilia kuliko ambavyo ningevumilia mimi.

Saa tatu asubuhi tukafika. Mama amevaa koti lake la kijivu na viatu ulivyomletea mwaka juzi. Tukakata tiketi za treni ya uwanjani, maana bila tiketi hawakuruhusu kupita kule kwenye kaunta. Mama akauliza, "Tiketi ya nini, na treni hatupandi sasa?" Nikamwambia tutaipanda jioni. Akasema, "Kwa hiyo sanduku linaondoka asubuhi, mimi jioni. Linaharakia wapi?" Nilidhani anatania.

Sanduku likawekwa kwenye mizani. Kilo thelathini na sita! Na usiku uliotangulia nililipima mwenyewe, lilikuwa ishirini na tisa. Ikabidi nilifungue chini, katikati ya watu wenye suti, nami nimepiga magoti. Nikakuta lile kaango la chuma la Baba. Nikakuta soseji alizokausha mwenyewe, ambazo nilishamweleza kwamba huko kwenu hazipiti. Nikakuta maganda ya machungwa makavu ya miaka ishirini, yamefungwa ndani ya fulana zake tatu.

Yule binti wa kaunta, mwenye miwani, akainama na kusema taratibu, "Bibi, kaango ni zito mno. Huko Uingereza makaango yapo."

Mama akamtazama. "Binti, mama yako anapikia nini?"

"Jiko la umeme, Bibi."

"Ndiyo maana umekonda hivyo."

Binti akacheka, watu wa nyuma yetu wakacheka, mimi nikatoa kaango na soseji nikavitia kwenye mfuko wangu wa bega. Hiyo mikono mitupu uliyoniahidi ndiyo hiyo. Nimelizungusha kaango la Baba Central nzima mchana kutwa, na bega bado linaniuma.

Sanduku likafungwa, likabandikwa karatasi yake, likaingia kwenye mkanda. Lilipopita lile pazia la mpira na kupotea, nilishusha pumzi. Nakwambia ukweli, mdogo wangu. Tangu Baba afariki ni miaka kumi na mmoja nimekaa na Mama peke yangu, kwenye vyumba viwili. Dawa zake, kliniki zake, ugomvi wake na majirani, vyote vyangu. Wewe ulisema unamchukua akaishi kwenu moja kwa moja, nami nikaanza kuhesabu siku. Kwa hiyo nilishusha pumzi. Sikujua kama kuna mtu ananiangalia.

Tukaenda nyumba ya chai. Nikaagiza vyote anavyopenda, vitumbua vya mvuke vya kamba, miguu ya kuku, uji wa yai. Hakugusa. Akazungusha kikombe, akazungusha, kisha akasema anakwenda msalani.

Dakika kumi. Ishirini. Nikaingia msalani, hayumo. Nikamuuliza mama anayesukuma kigari cha vyakula, akasema, "Yule wa koti la kijivu? Katoka zamani, nilidhani mmelipa." Chi-hang, nililipa na kuacha chakula chote mezani, nikatoka mbio na kaango begani. Simu yake naipigia, inalia ndani ya mfuko wangu mwenyewe. Nimekwenda sokoni, hayupo. Gatini kwenye meli za Kowloon, hayupo. Kwenye vile viti vya bustanini, hayupo. Polisi mmoja akaniuliza anafananaje, nikajikuta nalia, siwezi hata kutaja urefu wake. Ndiyo saa ile uliyonitumia ujumbe, "Vipi, mmeshapumzika?"

Ni baada ya saa moja na nusu ndipo nikakumbuka stesheni. Na kweli, nilimkuta pale pale tulipoanzia, amesimama mbele ya kaunta, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili. Yule binti wa miwani alikuwa ametoka nje ya kaunta, amemletea kiti, Mama amekikataa.

"Nimekuja kuchukua sanduku langu," Mama anasema.

"Bibi, nimekueleza, limeshapanda gari la mizigo. Liko uwanjani. Utaliona ukifika Manchester."

"Siendi Manchester. Sasa nitaliona wapi?"

Binti akaniangalia mimi. Nikapaza sauti, nakiri. Nikasema, "Mama, unanifanya nini? Mji mzima nimeuzunguka! Sanduku limekwenda, tiketi imelipwa, Chi-hang kakutengenezea chumba, mjukuu kakuchorea picha ya kubandika mlangoni. Treni hiyo hapo. Twende!"

Hakupaza sauti yeye. Alisema, "Suk-yin, nilikuona."

"Umeniona nini?"

"Sanduku lilipoingia pale ndani. Nilikuangalia uso. Sijauona uso wako hivyo tangu ulipokuwa msichana."

Nilitaka kukataa. Binti wa watu akageuka akajifanya anapanga karatasi.

Mama akaendelea, "Sikulaumu, mwanangu. Umechoka, nami nakuona unavyochoka. Lakini mmepanga wawili, wewe na mdogo wako, huyu anatuma, yule anapokea. Mimi nimeulizwa na nani? Chi-hang aliniuliza kama nataka kiti cha dirishani. Hilo ndilo swali pekee nililoulizwa."

Hapo ndipo kumpandisha bibi kizee mmoja kwenye treni kuliponishinda. Ungekuwapo, ungemvuta mkono?

Tukaketi kwenye benchi, sisi wawili, treni tatu zikaondoka. Sikumbembeleza tena. Mwishowe nilisimama nikamwambia yule binti kwamba abiria hasafiri. Akapiga simu mbili, tatu. Akanieleza kuwa ndege haiwezi kuondoka na mzigo wa mtu asiyekuwamo, kwa hiyo lazima walitafute walitoe, na mimi nilifuate mwenyewe uwanjani kesho yake. Aliniomba radhi yeye, na kosa letu! Nilimshukuru mpaka nikaona haya.

Na mkosi haukuishia hapo. Nilikuwa nimemgawia Bi Tong wa ghorofa ya tisa kitanda cha Mama, kwa ajili ya mkwe wake anayekaribia kujifungua, na wakaja kukichukua adhuhuri ile ile. Tumefika nyumbani, chumba kitupu. Mama akasimama mlangoni akaangalia alama za miguu ya kitanda sakafuni. Afadhali angenitukana. Sasa yeye analala kwangu, mimi kwenye kochi, na siwezi kumnyang'anya mwanamke mjamzito kitanda. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda uwanjani kulichukua sanduku, nikasaini karatasi nne. Msimamizi wangu amenuna.

Usidhani Mama amekukasirikia. Jana alikuwa anachambua mboga, akasema, "Mwandikie Chi-hang ale vizuri, huwa akifanya kazi anasahau kula." Nikamuuliza, "Na kwenda kwake?" Akasema, "Hilo asiniulize kupitia kwako."

Basi mimi nimeacha kuwa mjumbe. Neno lako la simu nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki naiweka mpaka uje. Na uje, Chi-hang. Usiniambie habari za likizo, omba hata siku kumi tu. Uje ulale wewe kwenye kochi, umpeleke kliniki, ugombane naye juu ya redio, kisha umuulize mwenyewe, uso kwa uso, anataka kuishi wapi. Mimi siku hiyo nitatoka nyumbani, asiangalie uso wangu anapojibu. Akisema anakuja kwenu, nitampakia tena bila kinyongo. Akisema anabaki, atabaki, lakini nawe utakuwa umeona kwa macho yako ni nini unachoniachia, na tutagawana. Peke yangu siwezi tena. Nimeona haya kulisema neno hilo miaka kumi na mmoja, leo nimeliandika.

Msalimie sana wifi Pui-shan, mwambie hasira hii si yake. Mbusu Hoi-ching, mwambie bibi ameipenda ile picha mliyotutumia kwenye simu. Mjomba Kam wa Yuen Long anawasalimu, naye miguu yake ni ile ile. Mbingu ziwalinde, ziwape joto nyumbani na riziki isiyowatenganisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura hivi,

Suk-yin