Alinisalimia kwa Kisukuma

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimefika Bariadi jana jioni. Nimewaambia Baba na Mama niko likizo. Likizo! Barua ya kampuni inasema nipumzike mpaka uchunguzi ukamilike. Mama kachinja kuku. Baba kaita majirani waje wamwone mtoto wa ndegeni. Picha yangu ya sare bado iko sebuleni, juu ya kalenda ya parokia. Nimekaa nimeipa mgongo.

Ilikuwa juzi Jumapili, Dar kwenda Mwanza. Bibi wa siti 4C. Tulimlaza kwenye korido, mimi na Method tukamkandamiza kifua kwa zamu. Mmoja anakandamiza, mwingine anahesabu. Martha, kiongozi wetu, akatangaza kuuliza kama kuna daktari. Akasimama baba mmoja — daktari wa mifugo! Maskini, alijitahidi. Bibi hakurudi.

Tukamrudisha kwenye siti, tukamfunga mkanda, blanketi mpaka kidevuni. Hakuna pengine pa kumweka. Mwanawe alikuwa mbali, safu ya kumi na tisa, uwanjani waliwapa siti mbalimbali. Mimi ndiye niliyemwamsha usingizini. Narudi mbele, abiria mmoja ananiuliza kama juisi imeisha. Nikampa. Nikatabasamu! Mdomo ulifanya wenyewe, mimi sikuwepo.

Kucha ya kidole gumba imevunjika mpaka nyamani. Ilinasa kwenye medali ya Bikira Maria aliyovaa yule bibi shingoni. Nimefunga plasta. Mama kauliza, nimesema mlango wa gari.


Jumatano, 4 Juni

Mama karudi sokoni analia. "Mama Masalu kafa! Kafia kwenye ndege, wanamzika leo!" Mama kwao ni Lagangabilili, kijiji cha marehemu. Yeye na huyo Mama Masalu waliimba kwaya moja wakiwa wasichana.

Bibi wangu wa 4C ana jina. Ana kwaya.

Akaniuliza, si kampuni yenu hiyo? Nikasema ndiyo, ila mimi siku hiyo nilikuwa safari ya Dodoma. Uongo umetoka laini, sikukohoa hata.

Niandike sasa. Hakuna atakayesoma.

Alipopanda alinitazama usoni, akatabasamu, akasema, "Mwadila, ng'wanawane." Alinisalimia kama mwanawe. Beji yangu inasema Goodness, jina la kazini tu, nyumbani hawalijui, lakini uso huu ni wa Nyanjige, mtoto wa Bariadi, alinijua tu. Na mimi nilikuwa nimesimama na Martha. Nikamjibu kwa Kiswahili cha televisheni: "Karibu sana bibi."

Chuoni Dar walinicheka mwaka mzima. Nikifungua mdomo tu — "Msukuma huyooo!" Niliapa hawatanicheka tena. Na hawakunicheka tena, hongera yangu.

Tulipokuwa angani hakujua kubonyeza kitufe cha kuita. Napita na toroli, akanishika sketi. Akasema kwa Kisukuma kifua kinambana, nimwitie Masalu wake, yuko huko nyuma. Nilielewa. Kila neno nilielewa! Martha akauliza anasemaje huyo bibi. Nikasema, "Sijui. Lugha yao."

Lugha yao!

Nikamwambia bibi, "Subiri kidogo." Nikasukuma toroli. Chai, kahawa, karanga. Siwezi kusema nilisahau. Kumwita Masalu ilikuwa ni kukiri mbele ya Martha kwamba nimeelewa. Nikasema moyoni nikimaliza safu hizi nitapita kimyakimya nimwite. Niliporudi kichwa chake kilikuwa kimelalia bega la jirani.

Hivyo tu. Mtu kafa kwa sababu nilimwonea aibu.


Alhamisi, 5 Juni

Martha kapiga. Fomu ya maelezo niliyoijaza Mwanza inarudiwa, wanataka sahihi mpya kabla ya Jumatatu. Swali la saba: je, abiria aliomba msaada kabla ya kuzidiwa? Nilijaza Hapana. Martha anasema niache hivyohivyo. Hukumwelewa, kosa lako liko wapi? Tushikamane.

Nikamuuliza Method yukoje. Anasema hali chakula. Anahesabu mpaka thelathini, anaanza upya. Mkewe kamkuta anahesabu jikoni, bomba linatiririka. Method wa watu! Yeye hana kosa hata moja.

Fomu iko kwenye simu. Nimeifungua mara nne.

Baba leo kanisemesha Kisukuma nikamjibu Kiswahili bila kujua. Akacheka, "Mwacha asili ni mtumwa!" Alikuwa anatania. Nikaenda chooni nikalia.


Ijumaa, 6 Juni

Mama kanilazimisha twende msibani. Ukikaa nyumbani watasema nini, rafiki yangu huyo! Nimevua wigi, nimefunga khanga mbili, sina hata wanja. Nikajitazama kwenye kioo, nikamwona Nyanjige. Za siku nyingi, mwanamke.

Lagangabilili, kwa Mama Masalu. Pamba imekauka shambani, hakuna wa kuivuna, nyingine imelundikwa kibarazani. Wanawake kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai. Masalu yuko peke yake, kakaa juu ya lile lundo la pamba. Mtu wa miaka hamsini, mvi tele, kakunja magoti. Nikampita karibu kabisa. Hakunitambua.

Uji ukaja. Shida, dada yake, akagawa kikombe hiki, kikombe hiki, akamruka Masalu. Akasema watu wote tusikie, "Huyo alishalala." Nikadhani kuna mtu atamkemea. Wapi!

Mama kanielezea kwa sauti ya chini. Watoto walimkabidhi Masalu mama yao ampeleke Dar hospitali na amrudishe. Karudisha maiti. Na wakati anakufa, yeye alikuwa anakoroma! Ndivyo wanavyosema. Kesho asubuhi wazee wanakaa kumaliza matanga. Mzee Maganga, kaka wa marehemu, atamuuliza neno la mwisho la mama yake, na hana. Aliyelala hawezi kushika kaya. Watampa mdogo wake, Masalu atafute pa kwenda.

Masalu mwenyewe hajitetei. Anamuuliza kila anayekwenda kumpa pole kitu kimoja: "Unadhani aliniita?"

Alikuita, Masalu. Alikuita kwa jina. Mimi ndiye niliyemsikia.

Jioni rozari. Katekista akatoa nia: tumwombee marehemu, na tumwombee yule binti wa ndege, Goodness, aliyempigania mama yetu mpaka soksi zikachanika magotini. Masalu ndiye aliyewaambia. Ndilo jina pekee alilokuja nalo. Watu hamsini wakaniombea mimi! Nami nikaitikia nao, utuombee, utuombee, kwa sauti.

Ardhi haikupasuka. Tumekula ugali na maharage, tumejinyoosha kwenye mikeka.


Jumamosi, 7 Juni

Sijalala. Kumekucha.

Nimepima hivi. Nikisema hapa, kampuni itajua, Simiyu hii neno halikai. Kazi imekwisha. Picha ya ukutani Baba ataishusha mwenyewe. Mama atakuwa mama wa yule aliyemwacha rafiki yake afe. Nisiposema, Masalu anafukuzwa leo, kabla jua halijawa kali. Nimeandika haya nijione ninavyopima. Nyanjige, mbona unapima!

Saa moja na nusu. Wazee wameanza kukaa. Viti vinaburutwa. Nimekwenda kunawa kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Plasta ikalowa, nikaibandua. Kuinua macho, Masalu. Anakitazama kidole.

Akatazama kidole, akatazama uso, akarudi kwenye kidole. Ile siku nilimfunga yeye mkanda kwa mkono huu huu, tukiwa tunatua. Kilikuwa kinatoka damu, kilimchafua shati.

Akaniamkia, taratibu kabisa, ananiita mama: "Mwangaluka, mayu."

Sauti ya mama yake.

Akasema kwa Kisukuma hajaja kunilaumu, Mungu anilipe kwa nilivyohangaika. Hataki neno la mwisho lote, hata nusu linamtosha. Anataka kujua tu kama mama yake alimwita. Kama hakumwita atajua alikwenda kwa amani, wamfukuze tu, sawa. Na kama alimwita — hapo akainamisha macho kwenye ndala zake.

Nikamwambia nakuja, nachukua khanga ndani. Nimeingia chumba cha magunia, nimeegemea mlango, nimetoa daftari. Nani anaandika saa kama hii! Lakini mkono ukiacha kuandika itabidi mdomo ufunguke.

Wanamwita Masalu huko mbele. Mzee Maganga anamwita kwa jina la ukoo, mara ya pili sasa. Haendi. Naona miguu yake chini ya mlango, ndala moja imekatika.

Simu imetetemeka. Martha: "Umesaini?"

Masalu anagonga. Anagonga kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mgeni. Ananiita ng'wanawane. Anauliza kwa Kisukuma kama nimemsikia.

Nimemsikia. Nimefungua mdomo nimjibu. Nimesema, "Subiri kidogo."

Kwa Kiswahili.