Ruhusa ya Rachael

Nyamasaria,
Kisumu.
16 Machi 2025

Mpendwa dada Rosa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Leicester? Baridi imepungua? Shemeji Ouma na Ivy wanaendeleaje? Sisi tuko salama, ila joto limetuchosha na mvua bado inatuzungusha. Mama yuko Pap Onditi; goti linamsumbua lakini amekataa katakata kuacha kwenda sokoni.

Viatu vilifika. Vimenitosha barabara, asante sana.

Dada, kuna jambo nimeshindwa kumwambia mtu yeyote hapa nyumbani.

Nilikueleza kwamba hospitali yetu ilileta programu ya akili unde ya kupanga zamu za wauguzi. Sisi wasimamizi wa wodi tulipewa kabla ya kufundishwa. Nilifurahi mno. Zamani ratiba ilinichukua siku mbili na rula mkononi, na bado kila mtu alinikasirikia.

Januari, Rachael Nabututu, muuguzi wangu kutoka Kimilili, alikuja ofisini. Mama yake alikuwa amezidiwa, akaomba ruhusa ya siku nne. Niliingiza ombi lake, programu ikapendekeza likataliwe kwa kuwa wodi ingepungukiwa watu.

"Kompyuta imekataa, Rachael," nikamwambia. "Si mimi."

"Sawa, Sista," akasema, akarudi kugawa dawa.

Mama yake alifariki siku ya tatu. Rachael alipofika kwao alikuta watu wamejaa uani.

Mafunzo tuliitiwa mwezi uliopita, wasimamizi wa hospitali kadhaa, siku tatu. Mwalimu, Bwana Irungu, alituonyesha kwamba programu hupendekeza tu. Chini ya kila pendekezo kuna mahali pa msimamizi kulipinga na kuandika sababu yake.

"Mashine haijui nyumbani kwa muuguzi wako kuna nini," alisema. "Anayeamua ni wewe."

Wenzangu waliinama kuandika. Mimi sikuandika kitu. Mahali pale nilipajua tangu siku ya kwanza. Nilipatumia Desemba, kujipa ruhusa ya kwenda Krismasi kwa Mama.

Basi ukweli ni huo, dada. Sikuponzwa na kukosa mafunzo. Niliona raha kupata kitu kingine cha kulaumiwa, nisihangaike kumtafutia Rachael mtu wa kushika zamu yake. Simu mbili zingetosha.

Jumatatu nilimwita, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, Sista Winny," akasema. "Ratiba ya Desemba tuliiona sote. Nilikuwa nangoja useme."

Hakulia, wala hakusema amenisamehe. Alhamisi aliomba kuhamia wodi ya watoto, asiwe chini yangu tena. Programu ikapendekeza akataliwe, kwa sababu ileile. Nilimkubalia. Mahali pa sababu niliandika: Nilipaswa kumruhusu Januari.

Kesho anaanza huko. Tutakuwa tukipishana kwenye korido kila siku, na mimi ndiye nitakayetangulia kusalimu, aitikie asiitikie.

Usimwambie Mama. Na ukinijibu, tafadhali usinifariji.

Nisalimie Shemeji, umbusu Ivy, na kaka yetu Calvince ukimpata kwa simu mwambie nyumbani tunamuulizia. Mungu awafunike huko mliko, awape kazi njema na usingizi mtulivu.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Winny