Nati Inayofunguka Kulia

3 Machi

Mwanangu,

Shikamoo yako dada yako ameifikisha, marahaba. Hapa nyumbani wote hatujambo, isipokuwa masikio yangu. Daktari anasema mwaka huu hautaisha kabla hayajaziba kabisa. Ndiyo maana nakuandikia, kwani kwenye simu siku hizi nasikia mikwaruzo tu.

Ile ndege yetu ya vita imeondoka Jumanne. Wakubwa zako wa kazini walikuja watano, wamevaa glavu nyeupe, wakaipiga picha kabla hata ya kunisalimia. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mlinzi. Mlinzi! Miaka thelathini na moja tangu niivute kutoka msituni ilikoangukia wakati wa vita, kila Jumamosi naizungusha injini kwa mkono na kuipa oili, leo nimekuwa mlinzi. Wanasema zimebaki mbili tu duniani, wanataka hii irudi kwao ikatengenezwe. Sawa, mali ni yao. Nimewaomba kitu kimoja tu: siku itakapowaka, niisikie ngurumo yake masikio yangu yakiwa bado yapo.

Sasa nisikilize, wewe uliyeajiriwa katika banda lao. Injini ile si ya asili, ilibadilishwa vitani. Inazunguka kinyume, kwa hiyo ile nati kubwa inayoshika pangaboi inafunguka kwenda kulia. Kitabu chao kitawaambia kushoto. Wakilazimisha kushoto, watapasua shafti. Nimechora mchoro, umo ndani ya bahasha hii. Wape kabla hawajagusa spana.

Baba yako


22 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mama na dada pia. Mimi sijambo, ila baridi.

Ndege imefika salama. Lakini baba, kwa heshima zote, waachie wenyewe. Watu hawa wamesoma. Wana mashine inayoona ndani ya chuma. Huku si gereji ya nyuma ya nyumba, ambako nati ikigoma mtu anatema mate na kuitwanga nyundo. Walipokuta umefunga mrija kwa mpira wa baiskeli walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, nisikufiche. Usijitie presha. Ngurumo yako utaipata.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu mtaalamu,

Salamu. Afya yako siulizi. Anayecheka mpaka akakaa chini hawezi kuwa mgonjwa. Mpira ule wa baiskeli umezuia oili isivuje miaka kumi na tisa. Waulize wacheshi wenzako chao kitadumu mingapi.

Miezi zaidi ya mitatu, kimya. Sikio la kushoto limekwenda. La kulia bado linanisaidia, ukiniinamia na kupaza sauti. Nilikutumia mchoro, hukusema kama uliwapa. Hilo ni jambo la ndiyo au hapana. Hata kuku akiitwa hugeuza shingo.

Baba yako


30 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo sana. Poleni na siku nyingi, kazi zilinizidi.

Habari njema: imewaka! Banda zima lilitetemeka, wakubwa wakapiga makofi. Nilirekodi kwa ajili yako, nimemtumia dada kwenye simu yake. Akuvalishe visikizi, usikilize kwa raha zako. Uliomba, umepata.

Mwanao akupendaye


14 Septemba

Wewe,

Dada yako alinivalisha visikizi. Mama yako akazima redio, akafunga na dirisha. Nikafumba macho.

Nikasikia silinda kumi na mbili.

Injini yetu ina tisa, zimepangwa duara. Ikiamka hukohoa, huruka pigo, ndipo inashika. Hiyo uliyoniletea inakwenda laini kama cherehani. Ni ndege nyingine kabisa. Ulidhani nini, kwamba kiziwi amesahau kuhesabu? Nimekaa na injini ile miaka mingi kuliko niliyokaa na wewe, na haijawahi kunidanganya.

Dada yako alikuwa ananitazama usoni, anasubiri nifurahi. Nikatabasamu kwa ajili yake, mwenzio hana kosa. Sasa niambie ukweli, kwa maneno machache, na usiniulizie hali.

Baba yako


2 Oktoba

Baba,

Shikamoo.

Mchoro sikuwapa. Ulikuwa umeuchora nyuma ya boksi la sabuni, na alama za vidole vyako vya grisi zimejaa pembeni. Niliona haya kuuweka juu ya meza ile mbele yao. Nikautia kwenye droo.

Waligeuza kushoto, kwa mashine. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisema moyoni, labda mzee amekosea. Shafti ilipasuka kwa mlio mmoja tu. Injini nyingine ya aina ile haipo, kwa hiyo haitawaka tena. Wataipaka rangi waiweke nyuma ya kioo.

Ripoti inasema shafti ililiwa na kutu kwa sababu ya kutunzwa vibaya. Walitaka shahidi anayejua ilikotoka. Nilitia sahihi.

Nisamehe, baba.

Mwanao


20 Oktoba

Kwako,

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha.

Wale wa glavu nyeupe nawaelewa, hawakujua. Wewe ulijua. Ulilionea haya boksi la sabuni, lakini jina lako chini ya uongo hukulionea haya. Kutu! Waambie mlinzi amesema shafti ile waliipokea inang'aa. Au basi, usiwaambie. Kupeleka ujumbe hujui.

Mama yako anataka kukusamehe. Hilo ni lake, sitamzuia.

Sikio la kulia liliziba siku mbili baada ya zile kelele ulizonitumia. Jana daktari aliniandikia kwenye karatasi: mzee, ni sauti gani ya mwisho uliyoisikia vizuri? Dada yako alikuwa amekaa karibu yangu, na wala hajajua kwamba ile haikuwa ndege yetu. Nilichukua kalamu nikamwandikia daktari kwamba ni injini ya ndege, na kwamba mwanangu ndiye aliyenitumia.

Baba yako