Alishika Sikio, Nami Nikanyamaza

Maman Alphonsine, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri kwa sababu hapa ugenini Schaerbeek hakuna mtu ninayeweza kumwambia jambo hili bila kuona haya. Mimi ni mwongozaji wa kikundi chetu kidogo cha maigizo, Warundi kumi, tunafanya mazoezi kila Jumamosi katika ukumbi wa kuazima, na mchezaji wetu mkuu, nimwite Jamila, katika mchezo anasimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari wanampigia kelele, wanamwamuru apige magoti, na maman, mambo hayo yalimpata kweli kule kwetu mwaka '93, ndiyo maana mwanzoni alikataa, ni mimi niliyembembeleza, nikamwambia, "Ikikuzidi, shika tu sikio, nitasimamisha palepale," naye akasema, "Bon, kama ni wewe unaniangalia, nitacheza."

Jumamosi iliyopita alishika sikio. Niliona! Lakini alikuwa anacheza kwa namna ambayo sijawahi kuona, nikajiambia bado kidogo, akashika mara ya pili, nikanyamaza tu, mpaka akaanguka akilia, na wenzetu wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Nikakimbia kumletea maji, na yeye, maskini, ndiye aliyenituliza mimi: "Acha, tonton, haiko makosa yako, hukuniona." Nikaitika, "Ndiyo, sikuona."

Tunaonyesha mchezo tarehe kumi na mbili, watu wamealikwa, na Jamila anasema atacheza kwa sababu ananiamini. Nikisema ukweli ataondoka, na mchezo umekufa. Nikinyamaza, je, si ndiyo kumlinda asiumie tena?

Mwenye kujuta, Schaerbeek, Novemba 1996

*

Wewe bwana uliyeniandikia, pole, naona unaumia kweli. Lakini kumlinda nani? Alors, tuseme wazi: unalinda tarehe kumi na mbili.

Kosa la kwanza nalielewa, ulipenda ulichokiona ukajisahau. La pili ndilo linalonikasirisha. Mwanamke yuko sakafuni analia, anakutafutia udhuru yeye mwenyewe, nawe unaupokea! Aibu gani hiyo? Sasa atapanda jukwaani mbele ya watu akidhani kuna macho yanayomchunga.

Nenda kwake kabla ya mazoezi mengine. Si kwa simu, wala usitume mtu. Mwambie, "Niliona, halafu nikakudanganya." Usimweleze habari za sanaa, na tafadhali usilie, maana ataanza kukubembeleza tena. Akitaka kuondoka, aondoke, nawe uwaambie wenzako kwamba kosa ni lako. Akikubali kucheza, sehemu ile aifupishe atakavyo, na akichoka aseme basi kwa sauti na ashuke jukwaani, asingoje ruhusa ya mtu.

Huenda asikuamini tena, na hapo sina dawa. Lakini kwa sasa, donc, yule dada anadhani hakuomba msaada vizuri. Nenda ukamwambie aliomba vizuri kabisa.